Udongo Mgongoni mwa Mama

Fundi wa mbao hamtazami mtu hivi hivi, anampima. Si kwamba anayatuma macho yafanye hivyo, yanafanya tu yenyewe. Nilikuwa na banda langu la kazi Sarang'ombe, pale Kibera, nikitengeneza vitanda, viti, milango na, msiba ulipotokea, majeneza. Watu wanaokuja kuagiza jeneza hawaji na vipimo. Wanakuja na macho mekundu, wanakuambia "alikuwa mrefu kunishinda kidogo," nawe unamkadiria marehemu kwa kumtazama aliye hai mbele yako. Baada ya miaka michache ningeweza kukuona ukipita ng'ambo ya barabara nikataja futi na inchi zako bila kukosea. Nilijivunia sana jambo hilo. Siku hizi silijivunii, na sababu ni mama yangu.

Mama alikuja Nairobi kutoka magharibi mwa nchi mwanzoni mwa miaka ya sabini, mwaka mmoja baada ya kumzika baba. Nilimfuata mwenyewe. Mimi ndiye mwana wa kiume pekee aliyesalia, nilikuwa na kazi yangu, na sikuwa tayari kusikia watu wakisema kwamba fundi analalia godoro mjini huku mamake anavunjika mgongo shambani. Tangu nipate akili nilikuwa nimemwona mwanamke yule na kitu kichwani: debe la maji, mzigo wa kuni, gunia la mahindi, na mara nyingi mtoto mgongoni juu ya hayo yote. Nilikuwa nimeapa kwamba siku nitakapoweza, hatabeba kitu tena.

Tulikaa Kawangware, kwenye ploti ya bibi kikongwe mmoja Mkikuyu ambaye ardhi yake ilishuka nyuma ya nyumba hadi kijito cha upande wa Riruta. Kwetu mzazi halali chini ya paa moja na mwanawe aliyeoa, kwa hiyo nilimpangia mama chumba kilichofuatana na chetu. Tulitenganishwa na ukuta wa udongo uliopakwa saruji nyembamba, ukuta ambao ukipiga chafya upande huu unaambiwa pole kutoka upande ule.

Kisha nikamtengenezea kiti. Nilichagua mbao za mvule zilizokauka vizuri, nikakipa mikono mipana na mgongo mrefu, nikakipiga msasa mpaka kikawa laini kama shavu la mtoto. Majirani walikuja kukitazama. Wale mama wa kanisani walipitia Jumapili, wakamwona mama amekaa ndani yake na shuka miguuni, wakasema, "Kweli wewe umebarikiwa, umezaa." Nami nikasimama mlangoni nimevimba kwa majivuno.

Maji yaliletwa na muuza maji kwa mkokoteni. Mke wangu alipika na kufua. Kila mama alipoinuka kushika ufagio, mmoja wetu alimnyang'anya kana kwamba ni kisu. "Pumzika, mama," tulimwambia. "Umefanya kazi ya kutosha." Mwanzo alibisha, halafu akachoka kubisha, akakaa.

Jambo moja tu alilisema tangu siku ya kwanza na hakuchoka kulirudia. Alisema atakaa nasi miaka miwili au mitatu, kisha atarudi kwake. "Na nitaingia kwangu kwa miguu yangu mwenyewe, mwana wanje," alisema, yaani mwanangu kwa lugha yetu. "Mtu akibebwa kupita langoni mwake hatoki tena."

Nilimjibu kwamba nani atambeba na yeye ni mzima. Nilimjibu huku namrekebishia mto.

Mwaka wa pili mke wangu aliniambia kwamba gauni la mama limerefuka. Nikacheka. Nguo ikifuliwa hurudi, sijapata kusikia nguo iliyorefuka. Lakini asubuhi iliyofuata mama alisimama mlangoni kunisalimu, na pindo la gauni ambalo zamani liliishia juu ya vifundo vya miguu lilikuwa linafagia vumbi. Macho yangu yakampima kabla sijayazuia. Siku alipofika nilikuwa nimempima kwa futi kamba ili nimtengenezee kitanda, naye akicheka kwa kutekenywa, na alikuwa futi tano na inchi tatu. Sasa macho yalisema futi tano na inchi moja.

Niliyakatalia. Nikachukua futi kamba, nikajifanya napima fremu ya mlango huku yeye amesimama katikati, nikasoma namba. Macho hayakuwa yamekosea. Inchi mbili za mama yangu hazikuwepo, na hakuna aliyeziona zikiondoka.

Lililonitisha zaidi lilikuwa lile lililofuata kichwani mwangu. Jeneza haliwi sawasawa na maiti, unaongeza inchi tatu ili mwili ulale bila kubanwa. Nilikuwa nimeshaziongeza. Mama alikuwa anauliza kama nimekunywa chai, na kichwani mwangu mbao zilikuwa tayari zimekatwa. Nilitoka nje nikaushika ukuta. Nilijichukia siku ile, na bado najichukia kidogo nikiikumbuka.

Ajali ya kwanza ilitokea asubuhi, nikiwa upande wangu na kikombe mkononi. Mvua ilikuwa imelivimbisha dirisha la mama, lile la mbao, na yeye akalisukuma. Nilisikia mlio kupitia ukutani, mkavu, kama kijiti cha kuwashia moto kikivunjwa. Baada ya mlio sikusikia kitu, hata kilio. Nilipoingia nilimkuta amesimama anautazama mkono wake unaoning'inia, jinsi unavyotazama kitu cha mgeni alichosahau nyumbani kwako.

"Kuna kitu kimevunjika," alisema, kwa sauti ya mtu anayekuambia mvua imeanza.

Hospitalini daktari alimfunga plasta, kisha akaiinua picha ya mifupa kwenye mwanga wa dirisha ili nione. Nimewahi kununua mbao ambazo nje ni nzima na ndani bungua wameshakula, unabonyeza kwa kidole na kidole kinaingia. Mifupa ya mama kwenye picha ile ilikuwa hivyo. Daktari alisema ni uzee, mfupa umekuwa mwepesi, mkono upumzishwe wiki sita. Hakusema zaidi. Yeye alisema mkono upumzishwe, mimi nikaenda nikampumzisha mwanamke mzima. Hata kutoka nje kuota jua tulimkatalia, tukaona ni hatari.

Plasta haijatoka, akakohoa na ubavu ukavunjika. Kukohoa tu, nyinyi. Kuanzia siku hiyo nyumba yetu ilianza kuishi kwa kusikiliza. Mke wangu alikuwa akiacha kukoroga sufuria katikati, ameelekeza sikio ukutani. Watoto walijifunza kutokimbia. Mchana jua lilipopasha mabati nayo yakaanza kulia, ta, ta, ta, sote tulitazamana, kila mtu akijiuliza kama ni bati au ni mama.

Adhuhuri moja ya namna hiyo nilikuwa nimeketi naye, na mabati yakilia, akaniambia, "Kiti hiki kinanila."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kinaanzia mapajani," alisema. "Nikitulia nasikia kinavuta. Polepole, kama mtoto anayenyonya huku amelala."

Alipokwenda chooni nilikipindua kiti chini juu. Nilipapasa kila kiungo nikitafuta tundu la bungua, kwa maana mbao ni mbao na mimi ni fundi, siyo mganga. Tundu sikuliona. Lakini pale sakafuni, mahali kiti kilipokuwa kimesimama, palikuwa na unga mweupe mwembamba, kiasi cha kujaza ncha ya kijiko. Nilijiambia ni chokaa ya ukuta, nikaufagia haraka kabla hajarudi.

Mke wangu alikuwa na maelezo yake, na maelezo yenyewe yalipita mbele ya mlango wetu kila asubuhi. Mwenye ploti alikuwa mkubwa kwa mama kwa miaka mingi, alijigamba kwamba aliolewa wakati mama bado ananyonya. Hata hivyo alifuga ng'ombe, na majani yao aliyabeba mwenyewe kutoka kijitoni, mgongoni, kwa ule ukanda wa ngozi ambao Wakikuyu wanauita mukwa, unaopita juu ya paji la uso. Alikuwa ameuvaa tangu usichana, nao ulikuwa umemchimbia mfereji kichwani, bonde kabisa, ungeweza kulaza kidole humo. Mara ya kwanza mama alipomwona bila kitambaa aliniuliza kwa kunong'ona ni nani aliyempasua mwanamke yule kichwa kisha akakiunganisha.

Akiwa amebeba humwoni uso wala miguu. Unaona rundo la majani linatembea lenyewe. Na kila siku rundo lile lilifika mbele ya mlango wa mama, likasimama, likageuka. Ndani ya majani macho mawili yakamtazama mama kitini kwa muda mrefu. Halafu likatoa sauti ya kusonya, likaenda zake.

"Umeona?" mke wangu aliniambia. "Mama akipungua, yule anaongezeka. Nyama zinatoka hapa zinaenda pale." Mke wangu hakuwa mjinga, alikuwa amesoma kunizidi. Aliweka Biblia dirishani mwa mama, imefunguliwa, na mimi nilimwona akiiweka nikamwacha. Nitasema ukweli, nami niliamini. Tulikuwa tumempa mama kila kitu, na bado alikuwa anaisha. Kama si mkono wa mtu, ni nini?

Wiki ile ya ubavu, baba mdogo, nduguye marehemu baba, alipitia kwetu akitoka Mombasa kutafuta kazi. Alikaa na mama kwa kikombe kimoja cha chai. Nilipomsindikiza alisimama njiani, akatazama viatu vyake, akasema, "Desemba mlete nyumbani, usingoje." Nilimwelewa. Mama alikuwa amesikia au hakusikia, sijui, ila jioni ile hakula.

Ikafika Julai, na wanaoijua Nairobi wanaijua baridi ya Julai, ukungu unaoshuka asubuhi ukakaa mpaka saa tano. Nilikuwa nimeshafika Kambi Muru nikielekea bandani, nikakumbuka nimeacha randa nyumbani. Nikarudi, nanung'unika njia nzima. Mke wangu alikuwa amekwenda sokoni. Nilipopita mlango wa mama niliuona umeegeshwa. Kiti kilikuwa kitupu, shuka imekunjwa vizuri juu yake. Nikaweka kiganja kwenye mto, nikaukuta baridi.

Chooni hakuwepo. Kwa jirani hakuwepo. Nikazunguka nyuma ya ploti, kwenye mteremko wa shamba la mwenye nyumba, nami sioni hatua kumi mbele yangu. Kwanza nilisikia nyayo, za watu wawili, nzito, za polepole. Kisha nikasikia kuhesabu, sauti mbili za vikongwe zikihesabu pamoja, moja kwa Kikikuyu na nyingine kwa lugha yetu, kila mmoja na namba yake. Ukungu ukafunguka kidogo, nikaona vitu viwili vinapanda mteremko, vimeinama, vina mgongo na miguu na havina kichwa. Vilipofika juu vikapiga magoti, vikamwaga kitu kizito chini, vikainuka, na kimoja kilipogeuka kikawa na uso wa mama yangu.

Mukwa ulikuwa umekaza kipajini pake. Mgongoni alikuwa na gunia dogo. Nilimwendea.

"Mama, unafanya nini?"

"Nabeba."

"Unabeba nini?"

"Udongo."

"Unaupeleka wapi?"

"Pale," akaonyesha lundo miguuni pake.

"Halafu?"

"Halafu naurudisha chini."

Nilitazama chini, nikaona lundo lingine. Hapakuwa na msingi, hapakuwa na shimo, hapakuwa na kitu chochote kinachojengwa. Udongo uleule ulikuwa unapanda na kushuka mgongoni mwa mama yangu. Nikamgeukia mwenye ploti, ambaye sote tulimwita Shosho, yaani bibi.

"Shosho, umemfanya nini mama yangu?"

Aliutoa mukwa kichwani taratibu, akajifuta. "Mimi nimefanya nini? Wewe ndiyo umefanya. Umeweka yeye kwa kiti kama kuku ya kulalia mayai, na mayai hakuna."

"Ana mifupa mibovu. Daktari ameiona."

"Mfupa iko na akili yake, fundi. Ikiona kazi, inakaa. Ikiona hakuna kazi, inaenda."

"Inaenda wapi?"

"Mimi nitajua?" alisema. "Uliza hiyo kiti yako."

Nilipata habari kamili kidogo kidogo, nyingine siku ile na nyingine baadaye. Walikuwa wameanza plasta ilipotoka, kila siku mke wangu alipokwenda sokoni. Kwa wiki mbili mama hakubeba kitu, alifundishwa kuketi kwenye kigogo na kuinuka bila kushika popote, mara kumi, huku ajuza yule amesimama karibu na mikono wazi kama anayemfundisha mtoto kutembea. Kisha mkebe mmoja wa udongo. Ukikaa vizuri siku kadhaa, unaongezwa nusu mkebe. Mgongo unyooke wakati wa kuinua, magoti ndiyo yafanye kazi, na mahali panapouma kwa kuchoma mtu anatua hapo hapo. Kwa nini udongo? Kwa sababu maji humwagika na mtu akateleza, na majani ni ya ng'ombe. Udongo ukimwagika, hakuna anayeulilia. Na wale wawili hawakuwa na lugha ya pamoja isipokuwa Kiswahili cha maneno ishirini, "beba", "ngoja", "pole", "tena".

Siku ile sikusikiliza hata nusu. Nilimvua mama gunia, nikamshika mkono, nikamrudisha chumbani. Nilimwambia mke wangu asitoke tena kumwacha peke yake. Mama alikaa kwenye kiti, akaangalia mbele. Siku tatu alikula vijiko viwili viwili tu vya uji, na kila nikipita niliona kana kwamba mvule unazidi kung'aa.

Siku ya nne aliniita.

"Nilikuambia nitaingia kwangu kwa miguu yangu," alisema. "Wewe unataka niingie kwa mabega ya watu."

"Nataka upone, mama."

"Nilikuona siku ile mlangoni. Ulikuwa hupimi mlango. Baba yako alikuwa akitazama ng'ombe hivyo, yule anayemchagua kwa ajili ya matanga."

Nilipiga magoti pale sakafuni nikalia, mtu mzima mwenye watoto, nikaweka kichwa mapajani pake na kukiinua haraka nikiogopa uzito wake. Akakirudisha kwa mkono ule uliowahi kuvunjika. "Weka," alisema. "Huko nabeba kizito kuliko hicho."

Kesho yake asubuhi nilimpeleka mteremkoni mimi mwenyewe. Niliteka udongo, nikajaza mikebe mitatu kama nilivyoelekezwa, nikamfunga gunia. Ukungu ulikuwepo tena, na alipoingia ndani yake na mwenzake nikabaki na zile namba mbili zinazopanda, nikazifuata kwa masikio mpaka ziliposhuka.

Aibu niliipata, usifikiri. Kawangware nzima ilisema fundi anamtumikisha mamake kwa mwenye nyumba. Mama wa kanisani waliacha kupitia. Mke wangu alikuwa mgumu mwezi mzima, akifunga mlango kila mwenye ploti alipopita, mpaka asubuhi moja alipomkuta mama ameinua sufuria ya githeri kutoka jikoni na kuiweka mezani, sufuria ambayo yeye mwenyewe huishikia pumzi. Aliniambia jioni hiyo, hana furaha hata kidogo usoni, "Anatisha." Biblia aliiondoa dirishani akairudisha sandukuni.

Zile inchi mbili hazikurudi. Napenda kulisema hilo, kwa sababu watu wakisimulia mambo haya hupenda kuongeza chumvi. Mfupa uliokwenda ulikwenda. Mke wangu alikata pindo la gauni na likabaki limekatwa. Lakini nilipompima kwa macho Agosti, na Septemba, na Oktoba, namba ilisimama pale pale, na zile mbao kichwani mwangu zikaacha kujikata. Mikono yake ilinenepa juu ya kiwiko. Kutembea kwake kulianza kusikika kupitia ukutani, kisigino kikishuka kwa nguvu, na usiku nililala vizuri.

Novemba mvua ilinyesha juma zima. Nilikuwa chini ya mteremko na beleshi mkononi, mama yuko katikati, mzigo umejaa, mguu ukateleza. Nilimwona akienda hewani. Alianguka kwa ubavu, ubavu uleule, na gunia likamfuata. Sikukimbia. Hilo nalikiri kwa aibu. Nilisimama na beleshi langu nikausubiri mlio. Mwenye ploti naye alisimama juu, mkono mdomoni, naye anausubiri. Mvua tu ndiyo iliyosikika, na ng'ombe mmoja akicheua.

Kisha mama akaketi kwenye matope. Akajipapasa mkono, akajipapasa ubavu, akajipapasa nyonga, akaanza kunitukana kwa lugha yetu, matusi ambayo sikujua anayajua, kwamba alizaa mti, kwamba mti umesimama unatazama. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Hata hivyo usiku huo nilimsikiliza kupitia ukutani saa nyingi, nikiogopa kwamba mlio umechelewa tu njiani.

Haukuja. Wiki ya pili ya Desemba nilituma neno nyumbani kwamba namleta mama, bila kueleza zaidi, kisha nikamwambia mwenye ploti kwamba tunasafiri. Alikuja mlangoni mikono mitupu, bila majani, na kwa mara ya kwanza nikaona alivyo mdogo. Alimshika mama mkono wa juu, akaubonyeza kwa kidole gumba kama mtu anayenunua mbuzi, akatikisa kichwa kwamba sawa. Mama akamwambia moja ya yale maneno yao ishirini, "Tena." Hawakuonana tena maishani.

Basi letu liliondoka alfajiri, likatushusha sokoni kwetu alasiri. Kutoka sokoni hadi boma la baba ni mwendo wa saa nzima, kilima kimoja na bonde moja. Mama alijitwisha furushi lake kichwani, sukari, unga na sabuni za kugawia watu, akakataa nilishike hata kwa kusaidia kusawazisha. Nikamfuata nyuma. Njiani watu walikuwa wachache kuliko kawaida. Mwanamke mmoja aliyekuwa analima kando ya njia alituona, akaweka jembe chini, akaingia nyumbani bila kusalimu.

Kwenye kona ya mwisho nilinusa migomba iliyokatwa karibuni. Ile harufu ya utomvu naijua, kwetu kila mtu anaijua. Migomba iliyokuwa kando ya nyumba ya mama ilikuwa imelazwa yote na nafasi imefagiwa, pana, ya kutosha watu wengi. Uani palikuwa na mabenchi ya kuazima kanisani. Karibu na mlango palikuwa na magogo yaliyopangwa, manene, ya aina moja tu ya moto, ule unaowashwa uani usizimike mpaka mtu azikwe.

Baba mdogo alisimama kutoka benchini. Wengine wakasimama nyuma yake. Hakuna aliyesema karibu. Macho yao yalipita juu ya bega la mama, yakanipita mimi, yakatafuta njiani nyuma yetu waliobeba jeneza. Kisha yakarudi, yakashuka polepole mpaka kwenye miguu ya mama, na nikaelewa wanachokitazama. Walikuwa wanatazama kama inagusa ardhi.

Mama alisimama langoni. Nilimwona akikaza shingo chini ya furushi. Halafu akapita.

Alipiga goti katikati ya ua, akatua furushi peke yake, akainuka bila kushika popote. Akatazama mahali migomba yake ilipokuwa. Akatazama mabenchi. Akayaendea magogo.

"Kuni za nani hizi?"

Mtoto mmoja alifichwa nyuma ya gauni.

Mama alikunja magoti, mgongo ukanyooka, akainua gogo moja, akaliweka kichwani, akaingia nalo jikoni kwake. Tulisikia likianguka sakafuni kwa kishindo. Akatoka, akachukua la pili. Nilipiga hatua kumsaidia, nikaona uso wake, nikairudisha hatua yangu. Aliporudi kuchukua la tatu baba mdogo alikuwa bado amesimama pale pale kati ya magogo na mlango, kofia mkononi, machozi yakimtoka.

"Sogea, shemeji," mama alimwambia. "Umesimama njiani."